Birika la Mikono Miwili

Wewe umewahi kuona birika la chai likiendesha serikali? Basi sogea karibu nikusimulie ya Mama Pindo, maana yeye aliliona kwa macho yake, na mwisho alilibeba mwenyewe likiwa la moto.

Mama Pindo hakuzaliwa waziri. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwenye cherehani ya miguu kibarazani mwa duka la vitambaa. Jina hilo walimpa wazazi wa wanafunzi, kwa sababu kila sketi aliyoshona aliiachia pindo refu kwa ndani, mtoto akirefuka mama yake afumue na kushusha, asihangaike na sketi mpya. Watu hawasahau kitu kama hicho. Walimfanya msemaji wao sokoni, wakamfanya diwani, kisha mbunge wa Chama cha Taa. Uchaguzi wa mwisho ulipokwisha akajikuta Waziri wa Mambo ya Nje, yeye ambaye nje ya nchi alifika safari moja tu, kufuata nyuzi.

Ilikuwa hivi. Chama cha Jembe kilipata viti vingi bungeni lakini havikutosha. Chama cha Taa kilipata vichache, lakini bila hivyo Jembe hawana serikali. Vyama viwili ambavyo juzi tu vilikuwa vinachaniana mabango vikalazimika kuoana bila posa wala mahari, vikaita ndoa yao serikali ya mseto. Jembe wakachukua upande wa madirisha kwenye ile meza ndefu ya baraza. Taa wakapewa upande wa ukutani, ambako pangaboi lilikuwa linazunguka kwa ajili ya wengine.

Siku ya kwanza ikaletwa chai. Aliyeileta alikuwa mhudumu wa siku nyingi wa Jembe, baba mzima mwenye kipara kinachong'aa. Mawaziri wa Taa wakaviangalia vikombe kama mtu anavyoangalia dimbwi asilojua kina chake. Hakuna aliyegusa. Chai ikapoa, ikafanya utando juu. Siku ya pili Taa wakaja na mhudumu wao, mama mnene mwenye kicheko cha kuamsha jirani, na safari hii Jembe ndio waliokuwa na tumbo la kuuma, wote kwa pamoja, upande mzima wa madirisha. Basi baraza likakaa wiki kadhaa bila chai, na watu wazima wasiokunywa chai wana ulimi mkali, usiombe.

Mwishowe wakakubaliana: birika moja, wahudumu wawili, wote walishike kutoka jikoni mpaka mezani, na wote waonje kwanza mbele ya watu. Lakini birika lina mkono mmoja! Mama Pindo akalifunga kwenye kitambaa, akalipeleka nyumbani kwa mumewe. Mumewe alikuwa fundi wa malori, na ni Jembe wa damu, hata ukimkata utakuta udongo. Akalitazama birika, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akalichomelea mkono wa pili, likawa kama mama aliyeshika kiuno akisubiri kuelezwa jana umelala wapi.

Na kanuni nayo ikaja yenyewe. Siku moja Waziri wa Fedha, Jembe, mtu wa hasira za karibu, alikuwa akibishana na wa Taa huku chai inamiminwa. Akapiga meza. Birika likaruka, chai ikamwagikia mkono wa Waziri wa Kilimo, mzee mpole ambaye hakuwa amesema neno asubuhi nzima. Ngozi ilitoka. Tangu siku hiyo pande zote mbili zikaapa: birika likiwa chumbani, hakuna siasa. Atakayesema neno la serikali birika likiwemo, neno lake ni hewa, halihesabiwi, awe waziri wa kawaida awe Waziri Mkuu. Katiba ya nchi waliivuta huku na kule kama shuka fupi, lakini kanuni ya birika hakuna aliyethubutu kuigusa.

Aliyeipenda kuliko wote alikuwa Waziri Mkuu. Huyu alikuwa kiongozi wa Jembe, mtu mrefu, mtaratibu, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Nyuma ya mgongo wake watu walimwita Tutaona, kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila kitu. Barabara? Tutaona. Mishahara ya walimu? Tutaona, ndugu yangu. Basi Tutaona akagundua kwamba mjadala ukichemka, yeye akibonyeza kengele iliyo chini ya meza, wale wawili wanaingia na birika na kila mtu lazima afunge mdomo. Vikombe vinajazwa, biskuti zinapita, mtu anamsifu mwenzake tai, birika linajazwa tena, na mpaka litoke muda wa kikao umekwisha. Jambo linawekwa kiporo. Kesho vivyo hivyo.

Mama Pindo alikaa upande wa ukutani akanywa chai hiyo kama wenzake. Kazi aliyoachiwa ilikuwa kwenda uwanja wa ndege na maua, na kusoma maneno aliyoandikiwa. "Serikali inaona kwamba." "Chama changu kinaamini kwamba." Aliyasoma vizuri, sauti haitetemeki. Wageni wakishaondoka, mambo ya nje yenyewe Tutaona aliyamaliza kwa simu ofisini kwake.

Sasa, nchi hii ilikuwa na jirani, Jirani Mkubwa. Dizeli yote, petroli yote, ilipita kwake, ikavuka daraja la mpakani kwa malori. Na Jirani Mkubwa alikuwa ametamani kilima kimoja cha nchi hii. Juu ya kilima hicho ukisimama unaona nchi tatu na ziwa. Alitaka kuweka hapo mnara wa vyuma na kambi ndogo ya askari wake wa kuulinda. Mnara wa kupimia hali ya hewa, alisema. Watu sokoni waliuita mnara wa masikio, maana hata muuza mchicha alijua mvua haihitaji askari.

Walipokawia kumjibu, malori ya mafuta yakaanza kusimama upande wa pili wa daraja. Mzani umeharibika, akasema Jirani. Mzani huo ukaharibika siku baada ya siku. Foleni kwenye vituo vya mafuta zikapinda kona, watu wakalala na madumu yao. Hapo Wakubwa wa Mbali nao, wale wanaoleta dawa za hospitali, wakamtuma mtu wao na tabasamu zuri. Akamwambia Mama Pindo, "Kilima msimpe Jirani. Mkimpa, dawa zitakuwa ngumu kufika. Afadhali mtupe sisi."

"Mtakifanyia nini?" akamuuliza.

"Mnara," akasema yule mtu. "Wa hali ya hewa."

Mama Pindo alitaka kucheka na kulia papo hapo. Badala yake akafungua mdomo akasema, "Serikali inaona kwamba jambo hili linahitaji tafakuri." Akamsindikiza mpaka mlangoni.

Jembe wakaogopa wenye malori, maana ndio waliowapigia kura. Taa wakaogopa watu wa kilimani, maana ndio kura zao. Taa wakijitoa, serikali inaanguka na nchi inarudi kwenye mabango na mawe. Wakikubali, hawana tena uso wa kumwonyesha mtu. Basi kila jambo la kilima likitajwa barazani, kengele inalia, birika linaingia. Nao wote, Mama Pindo akiwemo, wanashukuru kimoyomoyo.

Mpaka siku ile Tutaona alipomkaribisha Balozi wa Jirani Mkubwa aje aketi nao kidogo, azoee sura za watu. Mgeni alikuta birika liko mezani. Balozi alikuwa mtu nadhifu, suti yake imekaa mwilini kama imemwagwa, na alikuja na chupa yake ndogo ya chai, chai ya wenyeji hakuigusa. Katikati ya mazungumzo akauliza, kama mtu anayeuliza habari za watoto, "Na ule mnara wetu, mtauruhusu?"

Tutaona, biskuti mkononi, akajibu kwa ile sauti yake ya kubembeleza, "Ah, jirani, kilima kinakwenda wapi? Leteni mnara wenu. Leteni hata miwili!"

Meza nzima ikacheka. Kila mtu aliyekuwa pale alijua hayo ni maneno ya chai. Dakika ile ile Waziri wa Fedha alikuwa ametoka kuahidi kumwoza mama mkwe wake kwa Waziri wa Kilimo. Nani angeyachukua kwa uzito? Lakini kanuni ya birika hawakuwa wamemwambia Balozi. Walikuwa wameizoea kiasi kwamba hata haikuwajia akilini kwamba kuna mtu duniani asiyeijua. Balozi akatabasamu, akafunga chupa yake, akaenda zake.

Wiki iliyofuata, asubuhi, habari zikafika: malori yamekuja darajani, si ya mafuta. Yamebeba vyuma vya mnara. Yanasubiri kuvuka. Na Balozi anakuja barazani kuchukua ruhusa ya mwisho.

Mama Pindo alizipata habari hizo nyumbani, akiwa bado hajavaa viatu. Akatoka nje uani, kwenye gereji ya mumewe. Malori yalikuwa yamekaa juu ya magogo, midomo wazi. Kawaida saa hizo pale pana kelele za nyundo na matusi ya mapenzi baina ya mafundi. Sasa palikuwa kimya, na mumewe amekalia tairi, anasafisha spana ambayo ilikuwa safi tangu juzi.

"Mheshimiwa ameamka," akasema.

"Usiniite Mheshimiwa nikiwa na ndala mguuni."

"Basi, mke wangu. Ile serikali yako inasemaje kuhusu dizeli?"

"Serikali yangu? Nani humu ndani aliipigia kura Jembe?"

"Niliwapigia kura walime," mumewe akasema. "Sikujua watalima foleni."

Mama Pindo akacheka, ingawa hakupanga kucheka. Akakaa kwenye tairi la pili. Mumewe akaipanguza tena ile spana.

"Wenye malori walikuja jana," akasema bila kumwangalia. "Wanadai mke wangu amekalia kilima kama kuku anayeatamia, na wao watoto wao hawana chakula."

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia kuku wangu namjua. Hata mimi hanionyeshi mayai yako wapi."

"Baba Pacha, nikisema hapana leo, daraja litafungwa kabisa."

"Najua. Nitafunga gereji, nitauza hata hii spana."

"Na nikisema ndiyo?"

Mumewe akafikiri. "Nitafungua gereji. Ila mama mkwe sitajua nitamwangalia kwa jicho gani."

Maana mama yake Mama Pindo alikuwa anakaa kule kule kilimani, peke yake, na kitalu cha vitunguu alichokipalilia kwa mkono. Ni kweli, na hilo ndilo lililomtia Mama Pindo woga zaidi, kwamba watu watasema waziri anatetea kitunguu cha mama yake. Alipokuwa anasubiri gari la ofisi, akampigia simu.

"Mama, wakija wakakuambia uhame, utafanyaje?"

"Nitahama," mama yake akasema, anapumua kwa nguvu kwa sababu alikuwa ameinama. "Nitakuja na kuku wangu na vitunguu vyangu, nikae jikoni kwako, na utaijutia siku uliyozaliwa. Ngoja nisimame. Haya. Sasa na mimi nikuulize. Redio inasema leo mnatoa jibu. Wewe unataka nini?"

"Mama, chama kinaona kwamba..."

"Sikukuuliza chama. Chama sikukizaa mimi."

"Serikali nayo ina..."

"Hiyo nayo haikupita tumboni mwangu. Nakuuliza wewe, mwanangu. Tangu mdogo ukiulizwa unataka nguo gani, unajibu dada atapenda ya bluu. Dada yako ameshaolewa, ana wajukuu. Wewe unataka nini?"

Mama Pindo akafungua mdomo. Gari likapiga honi nje ya geti.

"Nenda," mama yake akasema. "Na usinitaje mimi huko. Nisiwe ngao ya mtu."

Njiani alitazama foleni ya mafuta kupitia dirishani. Mama mmoja alikuwa amekalia dumu, anasuka nywele za binti yake aliyevaa sare. Sketi ilikuwa imeshushwa pindo, mstari wa mkunjo wa zamani unaonekana, rangi yake imekoza kuliko sketi yenyewe. Mama Pindo aliutambua mshono wake. Yule mama naye aliitambua bendera ya gari. Hakupunga mkono wala hakutukana. Aliangalia tu, kama anayesubiri kuambiwa.

Chumba cha baraza kilikuwa na joto. Balozi alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti cha mgeni kwenye ncha ya meza, chupa yake mbele yake.

"Waheshimiwa," akaanza, Kiswahili chake kimenyooka kupita kiasi, "sitawapotezea muda. Wiki iliyopita Waziri Mkuu aliukubali mnara. Mkubwa wangu alifurahi. Vyuma vimefika darajani. Naomba tu muwapigie simu askari wenu wafungue njia."

Tutaona akakohoa. "Mheshimiwa Balozi, yale... yale yalikuwa maneno ya chai."

"Maneno ya chai?"

"Birika lilikuwa mezani," Waziri wa Kilimo akaeleza kwa upole, akaonyesha mkono wake wenye kovu kama ushahidi. "Sisi hapa, birika likiwemo, neno halihesabiwi."

Balozi akawaangalia, mmoja mmoja, upande wa madirisha, upande wa ukutani. Kisha akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kweli, mpaka akatoa leso. "Nimefanya kazi hii nchi nyingi," akasema. "Hii sijawahi kuisikia. Mimi nimesikia neno la Waziri Mkuu kwa masikio yangu, mashahidi wakiwa meza nzima. Malori yatavuka saa sita. Kama kuna mtu ana neno lingine, aliseme sasa nimpigie mkubwa wangu. Lakini niwaambie, mkilikataa mliloahidi, ule mzani hautapona karibuni."

Mama Pindo aliona bega la Tutaona likishuka kidogo, upande wa kulia. Mshonaji haachi kuona mabega. Mkono ulikuwa unakwenda chini ya meza.

Kengele ikalia.

Mlango ukafunguka, wakaingia wale wawili, mwenye kipara kushoto, mama wa kicheko kulia, birika katikati yao linafuka mvuke. Ungesikia chumba kizima kinashusha pumzi. Viti vikalalama, watu wakalegeza tai.

"Kwanza tunywe chai, Mheshimiwa Balozi," Tutaona akasema. "Mambo mazito hayataki tumbo tupu. Hayo mengine tutaona."

"Kunyweni," Balozi akasema, akafungua chupa yake mwenyewe. Akatazama saa ya ukutani. "Mimi nina subira. Saa sita ikifika, nitasema kwamba neno la wiki iliyopita halikukanushwa na yeyote."

Hapo ndipo Mama Pindo alipoona walipojinasia. Birika lile walijificha nyuma yake wiki zote hizo, na sasa limewageukia. Likiwa humu ndani, hata mtu akipanda juu ya meza akapiga kelele ya hapana, kwa kiapo chao wenyewe ni hewa. Watakunywa, watasifiana tai, birika litajazwa tena, na vyuma vitapanda kilimani huku wao wakiuliza sukari iko wapi.

Akasimama. Goti lake liligonga meza, kikombe kikalia.

"Mheshimiwa," Waziri wa Fedha akamwonya haraka, "birika limo."

Hakumjibu. Akazunguka meza mpaka walipo wahudumu. Akavua mtandio wake mabegani, akaukunja mara mbili.

"Nipeni."

"Mama, la moto," mama wa kicheko akasema, na safari hii hakuwa anacheka. "Tena limejaa."

"Naliona. Nipeni."

Mama wa kicheko akauachia mkono wake. Mwenye kipara alibaki ameshikilia wake, jasho linamtoka kichwani. Akamtazama Waziri Mkuu. Waziri Mkuu akatikisa kichwa, usiache. Akamtazama Waziri wa Kilimo, yule mzee wa Jembe mwenzake, aliyeungua mkono na hajawahi kudai hata dawa. Mzee akainamisha kichwa, kidogo tu. Mwenye kipara akaachia.

Hakuna mtu aliyewahi kulishika birika lile mikono yote miwili peke yake. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Mvuke ulimpanda kidevuni, joto likapenya mtandio, chai ikachuruzika kwenye kiatu. Alitembea nalo taratibu kupita upande mzima wa madirisha, na mawaziri wa Jembe wakavuta miguu yao ndani kama watoto darasani. Akausukuma mlango kwa kiwiko.

Nje, askari wa mlangoni akaruka kutoka kitini. "Mheshimiwa! Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Nipishe kiti." Akalikalisha birika pale alipokuwa amekaa askari. "Lilinde hili. Likiingia humu kabla sijatoka, utakuja kunieleza lilipitia dirisha gani."

"Ndiyo, Mheshimiwa," askari akasema, akalipigia birika saluti kabisa, kwa kuchanganyikiwa.

Akarudi ndani, akafunga mlango. Viganja vyake vilikuwa vyekundu. Wahudumu wawili walikuwa wamesimama ukutani, mikono mitupu, hawajui waiweke wapi.

"Mama Pindo," Tutaona akasema, na sauti ya kubembeleza ilikuwa imekwaruza, "unavunja kanuni ya baraza."

"Kanuni inasema birika likiwemo, Mheshimiwa Waziri Mkuu. Sasa halimo."

"Keti tuzungumze. Jambo hili tutaona namna ya..."

"Leo hatutaona. Leo tunasema."

Waziri wa Fedha akacheka kwa pua. "Haya, sema basi. Tuambie vitunguu vya mama yako vina hali gani."

"Vizuri, asante kwa kuuliza. Mama yangu amesema yuko tayari kuhama navyo aje jikoni kwangu. Kwa hiyo hilo la vitunguu limekwisha, umebaki bila tusi. Tafuta lingine."

Mama wa kicheko akashindwa, akacheka, akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Hata upande wa madirisha mtu mmoja aliguna.

"Mwacheni aseme," akasema Waziri wa Kilimo.

Mama Pindo akashika mgongo wa kiti chake. Akamgeukia Balozi. "Serikali inaona kwamba," akaanza, na hapo hapo maneno yakamkwama. Yalikuwa na ladha ya chai iliyolala. Aliwaza gereji iliyo kimya na spana inayong'aa bure. Aliwaza yule mama juu ya dumu, anavyosubiri kuambiwa.

Balozi alikuwa amekunja mikono. "Serikali inaona nini, mama? Mimi lazima nipeleke jibu, na lazima nijue ni la nani. La Taa? La Jembe? Maana nyinyi hapa naona hamjui wenyewe. Wale Wakubwa wa Mbali nao najua wamekutembelea. Pengine ni jibu lao."

"Si lao. Nao walitaka kilima hicho hicho, na mnara huo huo, nikamsindikiza mtu wao mpaka mlangoni. Leo nitamwita nimwambie kile kile ninachokwambia wewe. Na Taa hatutoki serikalini, msitusubiri tutoke. Mkitaka nitoke, mnifukuze. Sasa." Akawageukia wenzake, pande zote mbili. "Birika liko nje. Nitakachosema kitahesabiwa. Asiyekitaka asimame anikane mbele ya mgeni. Atakayebaki amekaa, ni neno lake pia."

Wakatazamana. Waziri wa Fedha aliweka viganja mezani kama mtu anayetaka kuinuka, akavitazama, akavirudisha mapajani. Mkono wa Tutaona ulikwenda chini ya meza, kengele ikalia. Mlango haukufunguka. Askari huko nje alikuwa amelinda kweli. Akabonyeza tena, kisha akautoa mkono na kuuweka juu ya meza pamoja na mwingine, na akakaa hivyo.

Balozi alikuwa wa kwanza kusema. Safari hii hakutabasamu, na aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Basi wewe, mama. Unataka nini?"

Kiatu kilikuwa kimelowa chai, viganja vinawaka. Mama Pindo akauachia mgongo wa kiti, akasimama bila kushika kitu.

"Nataka vyuma vyenu vigeuke pale pale darajani virudi vilikotoka," akasema. "Nataka kilima kisipandwe na askari wako wala wa mtu mwingine. Mkitufungia mafuta, tutatembea kwa miguu, na mume wangu mwenye gereji atatembea mbele. Mimi nilitaka hivyo tangu siku ya kwanza mlipotuuliza, na nilinyamaza. Sitaki. Mimi, kwa mdomo wangu, sitaki."